Mazoezi ya moyo na mapafu kwa waliougua polio utotoni: namna ya kuanza bila kuumiza misuli iliyobaki

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975 na Kenya mwaka 1980. Kabla ya hapo, na hata miaka kadhaa baadaye katika vijiji vilivyokuwa mbali na zahanati, polio iliwapooza watoto wengi ambao leo ni watu wazima wenye wajukuu. Walijifunza kutembea kwa magongo, kwa vyuma vya miguu au kwa kusukuma paja kwa mkono kila hatua. Wakasoma, wakapata ufundi, wakajenga nyumba, wakaamini kwamba ugonjwa ule ulikwisha kuchukua ulichotaka kuchukua. Baada ya miaka 15 hadi 40, na mara nyingine zaidi, baadhi yao huanza kuona mambo mapya: mguu uliokuwa mzima unalegea, uchovu unawaangusha saa nane mchana, viungo vinauma, baridi inawakaza, na ngazi ambazo walizipanda miaka yote sasa zinawashinda. Hali hiyo huitwa sindromu ya baada ya polio. Virusi havijaamka upya, na hali yenyewe haimwambukizi mtu mwingine.

Sababu yake inaeleza pia kwa nini mazoezi yanahitaji hadhari. Virusi vya polio huua neva zinazoendesha misuli, zile ambazo mashina yake yamo ndani ya uti wa mgongo. Neva zilizonusurika huchipua matawi mapya na kuzihudumia nyuzi za misuli zilizobaki yatima, na ndiyo maana mtoto aliyeshindwa kuinua mguu kitandani aliweza kusimama miezi kadhaa baadaye. Lakini tangu hapo neva moja hubeba nyuzi mara kadhaa ya zile ilizoumbiwa, na baada ya miongo mitatu au minne ya kazi hiyo matawi ya ziada huanza kunyauka. Msuli wa namna hii hauna akiba. Kuukaza mpaka ushindwe, kama afanyavyo kijana anayejenga mwili, ni kuudhoofisha.

Kukaa tu nako kuna gharama yake. Asiyetikisika huongezeka uzito, presha na kisukari humnyemelea, na moyo uliozoea kupumzika huifanya kila kazi ndogo ichukue sehemu kubwa zaidi ya nguvu alizonazo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu waliougua polio ambao walipiga pedali za baiskeli ya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 16, dakika 2 hadi 5 kwa mkupuo, wakipumzika dakika 1 katikati. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni uliongezeka kwa takriban asilimia 15, na nguvu za miguu hazikupungua. Miaka mitatu baadaye yalitoka matokeo yanayofanana na hayo kwa mazoezi ya mikono. Upande wa pili, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu watu wenye uchovu mkali waliopewa mazoezi magumu zaidi ya baiskeli, haukuona uchovu ukipungua. Nayaweka matokeo haya pamoja kwa makusudi. Mazoezi ya aerobiki, yaani yale ya kuchangamsha moyo na mapafu, huimarisha moyo na pumzi ya aliyeugua polio, ila si dawa ya uchovu wake, na anayeahidiwa kwamba uchovu utaondoka akijikaza zaidi anapotoshwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayejimudu, awe anatembea kwa miguu, kwa magongo au kwa baiskeli ya magurudumu matatu, na anayeweza kumfikia mtaalamu wa fiziotherapia walau mara chache. Haumfai mtu anayehitaji mashine ya kumsaidia kupumua, ambaye mazoezi yake hupangwa na kusimamiwa hospitalini.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba udhaifu mpya unatokana na polio

Hakuna kipimo kimoja cha damu au picha kinachoonyesha hali hii. Daktari huifikia kwa kuondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, na sababu hizo ni nyingi na baadhi zinatibika: upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, kisukari, pingili za mgongo au shingo zinazobana neva, sonona, na baadhi ya dawa za kushusha lehemu ambazo huumiza misuli. Aliyetembelea magongo kwa miaka mingi anaweza pia kuwa na ganzi ya vidole kwa sababu neva inabanwa kwenye kiganja au kwapani. Polio yenyewe haiondoi hisia za ngozi, kwa hiyo ganzi mpya siku zote ni alama ya kitu kingine kinachotakiwa kuchunguzwa.

Mweleze daktari mambo matatu hata kama hakuuliza: kama unaamka na maumivu ya kichwa asubuhi, kama pumzi inakubana ukilala chali, na kama chakula au maji hukupalia mara kwa mara. Hizo ni dalili kwamba misuli ya kupumua au ya kumeza imeguswa, na hapo kipimo cha mapafu hutangulia zoezi lolote. Kwa aliyevuka miaka 40, au mwenye presha au kisukari, ni vyema pia apimwe moyo kwa mashine ya umeme wa moyo.

Hatua ya pili: Andika kazi za siku zako kabla ya kuongeza chochote

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie zaidi. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani humfikiria mtu mwenye gari na kazi ya mezani, ambaye zoezi ni kitu kinachoongezwa juu ya siku yenye utulivu. Hali ya wengi wetu si hiyo. Mwanamume anayevusha mizigo kwa baiskeli ya kupiga pedali kwa mikono katika mpaka wa Goma na Rubavu, au kule Busia kati ya Kenya na Uganda, amekwisha kufanya zoezi la mikono kuliko wanariadha wengi kabla ya saa sita mchana. Kumwongezea nusu saa ya pedali jioni ni kumuumiza mabega, ambayo kwake ndiyo miguu.

Chukua mfano wa fundi cherehani mwenye miaka 58, ambaye mguu wake wa kushoto ulipooza utotoni na ambaye kwa miaka 30 amekanyaga cherehani kwa mguu wa kulia. Anafika kliniki akilalamika kwamba mguu mzima ndio unaomwangusha. Yeye anasema hafanyi mazoezi yoyote, ilhali mguu huo mmoja hukanyaga pedali ya chuma karibu kutwa nzima, humbeba akisimama, humpandisha daladala na kumshusha. Fundi huyu haanzi kwa kutembea. Anaanza kwa kuupunguzia mguu kazi: kufungiwa mota kwenye cherehani ileile kama umeme upo, au kugawa kushona katika vipindi vya nusu saa na kukata vitambaa akiwa ameketi katikati yake. Mguu ukishapumua, ndipo atafutiwe zoezi, tena la mikono.

Kwa hiyo nunua daftari dogo, na kwa siku saba andika kila saa ulichofanya na kiungo kilichobeba kazi hiyo: kuchota maji, kufua, kupanda ngazi, kusimama foleni, kusukuma baiskeli kwenye mchanga. Pembeni andika uchovu wako kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Mwisho wa wiki utaona saa ambayo mwili huanguka. Kwa wengi ni kati ya saa saba na saa kumi mchana. Utaona pia kazi moja au mbili zinazokula nguvu kuliko faida yake. Ziondoe, zipunguze au uzigawe kwanza. Nafasi itakayopatikana ndiyo ya mazoezi. Kama hakuna kinachoweza kupunguzwa, basi zoezi lako la aerobiki ni kuipanga upya kazi unayoifanya tayari, ukiweka mapumziko ndani yake kwa kufuata hatua ya tano na ya sita hapa chini.

Katika wiki hiyohiyo kagua vifaa. Mpira wa gongo uliolika huteleza na kulazimisha bega kushika mwili kila hatua. Chuma cha mguu kilicholegea kwenye goti hufanya paja lifanye kazi ambayo chuma kilitengenezwa kuifanya. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huongeza uzito wa kila mzunguko wa pedali. Mafundi wa viungo bandia na vyuma wanapatikana katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi, ambako pia kuna chuo cha TATCOT kinachowafundisha mafundi hao tangu mwaka 1981, na kwa Kenya katika vituo vya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa mwaka 1958. Rekebisho la namna hii mara nyingi humpa mtu nafuu kubwa kuliko mwezi mzima wa mazoezi.

Hatua ya tatu: Pimwa kiungo kimoja kimoja

Mtaalamu wa fiziotherapia hupima kila msuli kwa daraja la 0 hadi 5. Daraja la 5 ni nguvu kamili. La 4 ni msuli unaoweza kupingana na mkono wa mpimaji kwa kiasi. La 3 huinua kiungo bila kuvumilia mzigo mwingine. La 2 hukisogeza tu kikiwa kimeegemezwa. La 1 hutetemeka bila kukisogeza. Na 0 ni kimya. Kwa zoezi la aerobiki, misuli ya daraja la 4 na la 5 ndiyo ifanye kazi. Misuli ya daraja la 3 isipewe mzigo, na ya chini yake inyooshwe taratibu tu ili isikakamae.

Usidanganyike na kiungo unachokiita kizima. Katika miaka ya 1990 Lauro Halstead, daktari wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kuugua polio, alishirikiana na Anne Gawne kupanga viungo vya waliougua katika makundi matano kwa kutumia historia, uchunguzi na kipimo cha umeme wa misuli. Kundi moja kati ya hayo ni la viungo vinavyoonekana vizima kabisa, vyenye nguvu, ambavyo kipimo cha umeme huonyesha kwamba polio ilivipitia. Si kila hospitali ina mashine hiyo. Palipo na shaka, kichukulie kila kiungo kuwa kiliguswa, na uanze chini.

Hatua ya nne: Chagua njia inayopumzisha kiungo dhaifu

Mwenye mikono imara na miguu dhaifu atafaidika na pedali za mikono. Kama baiskeli ya magurudumu matatu ndiyo usafiri wako, tenga safari mahsusi ya mazoezi, bila mzigo na bila abiria, kwenye barabara tambarare yenye lami, asubuhi kabla ya magari kujaa. Hakikisha kwamba mhimili wa pedali uko usawa wa bega au chini yake kidogo, kwa sababu mikono inayozunguka juu ya bega huchubua kano za bega haraka. Viwiko visinyooke kabisa pedali inapokuwa mbali, na mgongo uegemee. Asiye na baiskeli anaweza kumwendea fundi: kipande cha fremu kuukuu chenye pedali, kikachomelewa kwenye stendi na kufungwa mezani kwa boliti, kinatosha kuanzia. Fundi akuwekee vishikio vinene vya mpira badala ya pedali za chuma, na mnyororo na meno yake viondolewe au vifunikwe ili visikamate kanga wala vidole vya watoto.

Mwenye miguu ya daraja la 4 na la 5 anaweza kutumia baiskeli ya mazoezi ya kukaa, ambayo naiona ni bora kuliko kutembea, kwa kuwa kiti hubeba uzito na hakuna hatari ya kuanguka. Kutembea kwa ajili ya mazoezi namshauri yule tu ambaye hachechemei. Anayechechemea hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila mita, na goti linalokatikia nyuma huharibika bila kelele.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa wakazi wa pwani ni maji. Mwongozo wa wataalamu wa neva wa Ulaya uliotolewa mwaka 2006 ulitaja wazi kwamba mazoezi katika hali ya joto, na mazoezi ya majini yasiyo ya kuogelea, yana manufaa ya pekee kwa watu hawa. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hulazimika kupasha moto bwawa. Bahari ya Tanga, Bagamoyo, Unguja au Mombasa ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Maji yakifika kitovuni huondoa karibu nusu ya uzito wa mwili, na yakifika kifuani huondoa zaidi ya hapo, hivyo mtu ambaye nchi kavu hawezi hatua kumi bila gongo anaweza kutembea majini akipunga mikono chini ya uso wa maji mpaka moyo uchangamke.

Lakini bahari ina masharti yake. Angalia maji kabla hujaangalia saa. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana, na kuyafuata juu ya mchanga laini kwa magongo ni kazi inayolimaliza zoezi kabla halijaanza. Tena siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na huja na mkondo wenye nguvu. Siku za maji mafu, mwezi unapoonekana nusu, bahari hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo ni mpole. Hizo ndizo siku zako. Ingia na mtu anayejua kuogelea, vaa viatu vya plastiki vinavyobana ili matumbawe yasikukate, na usizidi kina cha kitovu kama misuli ya kupumua ni dhaifu, kwa sababu maji hukandamiza kifua.

Kutoka ndiko kugumu. Ndani ya maji hutahisi uchovu, na uzito wote hurudi ghafla maji yanapofika magotini, papo hapo ambapo mawimbi huvuta mchanga chini ya nyayo. Anza kurudi ukiwa bado una nguvu, mwenzako akusubiri na gongo maji yakiwa kiunoni, na kiti kiwe kimewekwa pale mchanga mkavu unapoanza. Kwa wanaoishi kando ya ziwa, kichocho na mamba vinanifanya nisite kupendekeza njia hii. Bwawa la hoteli au la shule lingefaa zaidi, panapopatikana ruhusa.

Hatua ya tano: Pima ugumu kwa namba mbili

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, chenye namba 6 hadi 20. Namba 6 ni kukaa bila juhudi yoyote, 9 ni nyepesi sana, 11 ni nyepesi, 13 ni ngumu kiasi, 15 ni ngumu, 17 ni ngumu sana, na 20 ni kikomo cha uwezo. Aliyeugua polio abaki kati ya 11 na 13. Katika kiwango hicho unaweza kusema sentensi nzima bila kuikata kwa pumzi, ila huwezi kuimba.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba pumzi na msuli havichoki pamoja. Moyo unaweza kuwa umetulia kwenye 10 huku bega likilia kwenye 15. Kwa hiyo kila baada ya mkupuo jiulize mara mbili, pumzi ni ngapi na msuli ni ngapi, na namba kubwa ndiyo itakayoamua. Msuli ukifika 14, simama, hata kama moyo unaona bado.

Anayetaka kuhesabu mapigo afanye hivi. Yule fundi cherehani wa miaka 58 hutoa miaka yake kwenye 220 na kupata 162. Kwa kuwa anatumia mikono, ambayo kilele chake cha mapigo ni cha chini kuliko cha miguu, anatoa 10 nyingine na kubaki na 152. Mapigo yake akiamka asubuhi ni 78, na tofauti yake na kilele ni 74. Asilimia 40 ya 74 ni 30, na asilimia 60 ni 44. Akizijumlisha na 78, anapata mapigo 108 hadi 122 kwa dakika. Anayahesabu kwenye mkono kwa sekunde 15 mara tu anaposimama, kisha anazidisha kwa 4. Anayetumia dawa za presha za jamii ya atenolol au propranolol asitumie hesabu hii kabisa, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Yeye ategemee kipimo cha Borg.

Hatua ya sita: Anza kwa mikupuo mifupi

Fanya siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku pawe na pumziko la siku nzima. Chagua saa ambayo daftari lako linaonyesha uchovu mdogo, ambayo kwa wengi ni asubuhi. Anza na dakika 5 za kujinyoosha na kuzungusha viungo bila mzigo.

Katika wiki mbili za kwanza fanya kazi dakika 1, pumzika dakika 1, mara tano, uache. Itaonekana kama mchezo, na wengi watataka kuendelea kwa kuwa bado wana nguvu. Wasiendelee. Wiki ya tatu na ya nne, kama asubuhi zilizofuata zilikuwa njema, fanya dakika 2 na upumzike 1, mara nne. Kuanzia wiki ya tano ongeza mkupuo mmoja kila baada ya wiki mbili, kisha baadaye urefushe mkupuo ufike dakika 3. Ukibadilisha idadi ya mikupuo, usibadilishe urefu wake. Ukibadilisha urefu, usiguse ugumu. Ndani ya miezi minne hivi mtu anaweza kufika jumla ya dakika 20 hadi 30 pamoja na mapumziko, na wengine watatulia kwenye 15 na kufaidika vilevile. Sioni sababu ya kufukuzia dakika za jirani.

Pumziko la dakika 1 ni la kweli: mikono mapajani, mabega yameshuka. Maliza kwa dakika 3 hadi 5 za mwendo mwepesi, kisha keti robo saa kabla ya kuingia bafuni au jikoni.

Simama mara moja ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, mapigo yasiyo na mpangilio, pumzi isiyorejea baada ya dakika kadhaa, au msuli unaotetemeka na kukataa amri. Dalili nne za mwanzo ni za kwenda hospitalini siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: Isikilize asubuhi ya pili

Hukumu ya zoezi haitolewi jioni uliyolifanya. Mwili wa aliyeugua polio mara nyingi huficha gharama mpaka kesho yake, na hata kesho kutwa. Ukiamka, kabla ya kuuliza kama umechoka, fanya jambo dogo unalolifanya kila siku kwa namna ileile: kuinua birika la chai kwa mkono mmoja, kufunga chuma cha mguu, kupanda ngazi mbili za baraza. Likiwa sawa na jana, zoezi lilikuwa la kiasi. Likiwa zito kuliko jana, au kama usiku misuli ilikakamaa au ilikuwa ikichezacheza yenyewe chini ya ngozi, ulizidisha, hata kama namba zote za Borg zilikuwa ndani ya mpaka. Pumzika mpaka dalili ziondoke kabisa, na siku utakayorudi fanya nusu ya ulichofanya. Zikijirudia mara ya pili kwenye nusu hiyo, badilisha kiungo au njia. Udhaifu mpya uliodumu wiki mbili hauvumiliwi nyumbani, mrudie daktari.

Wengi waliokua na ulemavu wa polio walifundishwa tangu utotoni kwamba anayesimama kupumzika ni mvivu, na kujikaza huko ndiko kulikowafikisha walipo. Nawaheshimu kwa hilo. Ila wanafamilia wanaosema «jikaze, ulikuwa unaweza» wasomewe aya iliyotangulia.

Baridi, jua, mfungo na kurudi baada ya kuugua

Kiungo kilichopooza hupata damu kidogo na hupoa haraka, na msuli uliopoa hupoteza nguvu. Mkazi wa Njombe, Lushoto au Limuru asianze zoezi alfajiri ya mwezi wa Julai. Asubiri jua, avae soksi ndefu, na kiungo dhaifu kifunikwe blanketi hata kama hakitumiki. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa ana shida iliyo kinyume: amalize kabla ya saa tatu asubuhi au aanze baada ya saa kumi na moja jioni, na anywe maji kabla ya kiu. Anayefuata maji mafu baharini atalazimika kukutana na jua la saa nne, basi avae kofia na nguo ya mikono mirefu. Katika mwezi wa Ramadhani zoezi lifanywe baada ya kupita muda wa saa moja na nusu au saa mbili tangu futari nyepesi, kwa mikupuo iliyopunguzwa, na anayeswali tarawehe kwa kusimama aihesabu kuwa ni sehemu ya zoezi la siku, au aswali ameketi.

Malaria, upasuaji au wiki mbili kitandani hudhoofisha misuli hii upesi kuliko ya watu wengine, na kuirudisha huchukua muda mrefu zaidi. Homa ikishaondoka, anza kwa siku chache za kazi za nyumbani peke yake, ukiandika kwenye daftari kama mwanzo. Uchovu ukirudi kwenye namba zako za kawaida, rudi kwenye ratiba ya wiki ya kwanza, uipande kwa kasi unayoruhusiwa na asubuhi ya pili. Aliyepangiwa upasuaji amwambie mtaalamu wa usingizi, mapema na kwa maneno wazi, kwamba aliugua polio, kwa sababu dozi za dawa za usingizi na za kulegeza misuli huenda zikahitaji kupunguzwa na kupumua kwake kufuatiliwa kwa karibu zaidi baada ya kuzinduka.